Je, wajua kwa nini tanbihi katika waraka wa kiwango haimfungi mtu?

Katika ofisi nyingi za hapa Dodoma, tangazo likibandikwa ukutani, macho ya msomaji mzoefu hushuka moja kwa moja hadi kwenye herufi NB, kwa kuwa hapo ndipo huwekwa jambo lenye makali: asiye na nakala ya kitambulisho hatahudumiwa, au fomu hazitapokelewa baada ya saa tisa alasiri. Nilipoanza kusoma nyaraka za viwango, yaani zile zinazoeleza masharti ambayo bidhaa au kazi inapaswa kuyatimiza, nilikwenda na mazoea hayohayo, nikaamini kwa muda mrefu kwamba maandishi madogo yanayotanguliwa na neno NOTE, yaani tanbihi, kwa herufi kubwa ndiyo amri kuu ya kifungu. Ukweli ni kinyume chake. Maandishi hayo hayaamrishi chochote.

Kosa hili ni rahisi kulifanya, na lugha yenyewe hulichochea. Neno tanbihi limetoka katika Kiarabu na ni ndugu wa kutanabahi, yaani kuzinduka na kutambua, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili akiliona husikia anaonywa. Katika viwango, hata hivyo, tanbihi humsaidia msomaji kuelewa, basi. Maelekezo ya pamoja ya mashirika ya kimataifa ya viwango, ISO na IEC, Sehemu ya 2, ambayo ndiyo mwongozo wa kuandika viwango vya kimataifa, yanakataza kuweka sharti ndani ya tanbihi au ndani ya mfano, na yanadai kwamba waraka uweze kutumika hata pasipo hivyo viwili. Umbo hilohilo huonekana katika viwango vya Afrika Mashariki vinavyotumika nchini.

Fikiria nyumba ya tembe ya Wagogo. Nguzo ndizo zinazobeba paa la udongo. Kandiko la ukutani huzuia upepo na kumfanya mwenye nyumba akae vizuri. Mvua ikilibomoa kandiko, nyumba huingiza baridi lakini paa hubaki juu. Ukiing'oa nguzo, paa hushuka. Sharti ni nguzo, tanbihi ni kandiko, na mwandishi wa kiwango anayetaka kuipima kazi yake anaweza kuzifunika tanbihi zote kwa karatasi na kuangalia kama paa bado limesimama.

Tuchukue mahindi, kwa kuwa soko la Kibaigwa liko jirani. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Sentensi hiyo ikikaa ndani ya kifungu, gunia lenye asilimia 15 limeshindwa, na hakuna mjadala. Sasa mwandishi mmoja aiandike hivi: "TANBIHI: Unyevu usizidi asilimia 13.5." Tarakimu ni zilezile, lakini nguzo imegeuzwa kandiko, na mfanyabiashara ana haki ya kudai kwamba hakuna sharti alilolivunja. Madhara yake si ya karatasini tu, maana unyevu ndio unaoilea kuvu inayozaa sumukuvu, na mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Hapo ndipo umbo lisilobadilika linapopata uzito. Kifungu kimoja kikiandika TANBIHI, kingine "Zingatia", na cha tatu kikaweka mabano bila kichwa chochote, msomaji atadhani ni vitu vitatu vyenye nguvu tatu tofauti. Ndiyo maana tanbihi hupewa kichwa kilekile na maandishi madogo yaleyale kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Ikiwa moja katika kifungu haipewi namba, zikiwa zaidi huhesabiwa 1, 2, 3, na hesabu huanza upya katika kifungu kinachofuata. Mifano nayo hufuata utaratibu huohuo. Hata waandishi wa kanuni za intaneti walilazimika kuliangalia umbo: waraka wao wa RFC 2119 wa mwaka 1997 ulieleza maana ya maneno ya amri, na mwaka 2017 RFC 8174 ikafafanua kwamba maneno hayo hubeba maana hiyo maalumu pale tu yanapoandikwa kwa herufi kubwa.

Lakini usiyapuuze maandishi madogo yote. Katika jedwali, tanbihi yenye kichwa chake bado haifungi, ila maelezo ya chini ya jedwali yaliyowekewa alama ya herufi ndogo iliyoinuliwa, a, b au c, yanaruhusiwa kubeba sharti kamili. Vitu hivyo viwili hukaa chini ya jedwali moja, vikipishana kwa mstari mmoja tu. Kwa hiyo mnunuzi anayesoma jedwali la vipimo akiwa amesimama kando ya mizani afanye kilekile anachofanya mbele ya tangazo la ofisini: ashushe macho hadi chini kabisa, kisha aitafute ile herufi a.