Mwonekano wa filamu ya papo hapo katika picha za watu: dhana potofu na ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote miongoni mwa vijana wanaopiga picha kwa simu hapa Uganda ni kwamba mwonekano wa picha za papo hapo, zile zinazotoka kwenye kamera na kujitokeza zenyewe kwa dakika chache, zenye ukingo mweupe na rangi laini, huletwa na filta, na kwamba mwanga wa wakati wa kupiga si hoja kwa kuwa programu itarekebisha baadaye. Ukweli ni kinyume chake. Tangu mvumbuzi wake, Edwin Land, mwanzilishi wa kampuni ya Polaroid, alipoionyesha hadharani mjini New York mwaka 1947, filamu ya papo hapo imejulikana kwa kushindwa kubeba mwanga mkali na giza zito katika picha moja: sehemu iliyopata mwanga kupita kiasi hubaki nyeupe tupu, na hakuna dawa ya kuirudisha. Kamera ya simu ina mpaka wa namna hiyohiyo, ingawa uko mbali kidogo. Paji la uso likishaungua kwa mwanga, filta itaupaka weupe ule rangi ya krimu, lakini haiwezi kurudisha ngozi ambayo kamera haikuinasa.

Wapo pia wanaoamini kwamba picha ya aina hii ni lazima iwe ya manjano na iliyofifia. Manjano hayo kwa kiasi kikubwa ni alama ya umri, joto na uhifadhi mbaya. Filamu ya Polaroid ya leo hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 13 na 28 za Selsiasi. Ikizidi hapo rangi huelekea manjano au wekundu, na kwenye baridi huelekea ubuluu. Mtu anayepiga Gulu au Moroto katika kiangazi cha Januari na Februari, au aliyeacha pakiti ya filamu ndani ya gari lililoegeshwa juani, atayapata manjano hayo bila kuyatafuta. Anayeivuta filta hadi mwisho anaiga picha iliyochakaa ndani ya albamu, na kwa maoni yangu ngozi ya kahawia ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu hupoteza wekundu wake wa asili na kuonekana kama ya mgonjwa.

Dhana yenye madhara makubwa kuliko zote ni ile isemayo kwamba ngozi nyeusi haipigiki vizuri, na kwamba dawa yake ni kuongeza mwanga mpaka uso ung'ae. Haya hayakutokana na ngozi. Kwa miongo kadhaa, maabara zilizosafisha filamu za Kodak zilipima usahihi wa rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, maarufu kama kadi ya Shirley, na nyuso zetu zikaachwa zijitafutie nafasi zilizobaki. Kamera nayo inapopima mwanga huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Bwana harusi aliyevaa kanzu nyeupe kwenye kwanjula, sherehe ya Kiganda ya utambulisho, huifanya ipunguze mwanga, uso ukazama gizani. Mtu huyohuyo akiwa na suti nyeusi mbele ya ukuta mweusi huifanya iongeze mwanga, na uso ukapauka. Kwa hiyo tiba haiwezi kuwa moja. Gusa uso kwenye skrini, shikilia hadi kipimo kifungwe, kisha sogeza alama ya jua taratibu huku ukiangalia mng'ao wa paji la uso na wa ncha ya pua: ukibaki mwembamba, wenye rangi ya ngozi pembeni yake, umefika, ukigeuka doa jeupe lisilo na vinyweleo, umepita. Mng'ao huo ndio unaochonga umbo la uso mweusi, na anayeufuta kwa filta anaufuta uso wenyewe.

Kuitikisa picha ya papo hapo ili ikauke haraka ni desturi ya filamu za kale, ambazo picha yake ilibanduliwa kutoka kwenye karatasi yenye dawa ikiwa bado na unyevu. Filamu ya sasa hujisafisha ndani ya tabaka zilizofungwa, na kuitikisa au kuikunja kunaweza kuiharibu. Ilaze kifudifudi, mbali na jua, kwa dakika 10 hadi 15 ikiwa ni ya rangi ya Polaroid.

Kuhusu jua la saa sita, wengi hudhani kwamba kadiri lilivyo kali ndivyo picha inavyokuwa bora. Nchi yetu imepitiwa na ikweta, na saa hizo jua hukaa karibu na utosi, likayajaza matundu ya macho giza ambalo filamu hizi haziwezi kulifungua. Msogeze mtu barazani, uso wake ukielekea nje. Kivuli cha mwembe hakifai sana, kwa kuwa majani huacha mabaka ya mwanga mashavuni na kuipa ngozi ukijani. Ukitumia Instax Mini, kamera ndogo ya papo hapo ya Fujifilm, mkaribie: picha yake ina milimita 62 kwa 46 tu, na flashi yake haifiki mbali zaidi ya mita mbili hadi tatu hivi.