Kichwa cha mjamzito si cha panadol: maswali na majibu kuhusu kifafa cha mimba

Haya ndiyo maswali ambayo wajawazito na ndugu zao huuliza kila siku kwenye kliniki na wodi za wazazi hapa Dar es Salaam. Jibu moja litajirudia mara kadhaa. Limerudiwa kwa makusudi.

Kifafa cha mimba ni nini hasa?

Ni mwili kukakamaa na kutikisika, na mama kupoteza fahamu, kwa sababu ya presha iliyoletwa na mimba. Kabla ya kufika hapo huwa kuna hatua ya awali: mimba imevuka wiki 20, presha imefika 140/90 au zaidi, na mkojo una protini, au ini, figo au ubongo umeanza kuumia. Shina la tatizo ni kondo la nyuma. Mishipa ya damu inayolilisha haikupanuka vya kutosha, kwa hiyo kondo linamwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyoharibu mishipa yake mwili mzima. Ndiyo maana ugonjwa huu hauondoki mpaka mtoto azaliwe na kondo litoke. Vidonge vya presha vinashusha namba tu, kondo lenyewe haviligusi.

Nina mimba ya miezi saba, kichwa kinauma tangu jana. Si uchovu na joto la Dar?

Inawezekana ni joto. Inawezekana pia ubongo umeanza kuvimba. Kwa kujishika paji la uso huwezi kutofautisha, na mama mkwe hawezi, na muuzaji wa duka la dawa hawezi. Kinachotofautisha ni kipimo cha presha, na hakichukui dakika kumi. Ukishavuka miezi mitano, kichwa kikiuma, pima presha siku hiyohiyo.

Wanaofika wamechelewa hufanana sana. Kichwa kimefungwa kanga kwa nguvu. Kwenye pochi kuna karatasi ya panadol iliyobaki vidonge viwili. Kadi ya kliniki imesahaulika nyumbani. Ukiuliza, kichwa kilianza Jumatano, Alhamisi akanunua dawa ya malaria bila kupima, Ijumaa akaanza kuona vimulimuli mbele ya macho, na Jumamosi alfajiri akaanguka bafuni. Siku tatu zote hizo alikuwa anaishi mtaa wenye zahanati.

Dalili nyingine za kukupeleka hospitali leo: macho kuona ukungu au nyota nyota, maumivu kwenye chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia (wengi husema ni vidonda vya tumbo), kutapika ukubwani mwa mimba, uso na vidole kuvimba ghafla, mkojo kupungua, na kukosa pumzi ukilala. Moja inatosha. Usisubiri zikusanyike.

Nikimeza panadol kikatulia?

Bado nenda kapime presha. Panadol imetuliza maumivu, presha haijaiona. Ukimeza diklofenaki, kama wengi wanavyopewa dukani, umeongeza tatizo jingine: kuanzia wiki ya 20 dawa za kundi hilo zinaweza kuumiza figo za mtoto, na mimba ikikomaa zinaweza kufunga mapema mshipa muhimu karibu na moyo wake.

Kliniki yangu ni Jumatatu. Si naweza kuvumilia hadi hapo?

Hapana. Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ni ya mama asiye na tatizo. Mwenye dalili hana tarehe. Nenda usiku, nenda Jumapili, nenda siku ya sikukuu. Ukiambiwa urudi siku ya kliniki, sema maneno haya: "Nina mimba, kichwa kinauma, naomba nipimwe presha na mkojo." Usiondoke kabla hujaambiwa namba zako na kuziona zimeandikwa kwenye kadi.

Miguu yangu imevimba. Ndiyo presha?

Miguu pekee, hasa jioni baada ya kusimama kwenye daladala au dukani, mara nyingi ni mimba ya kawaida. Uso ukiamka umejaa, au pete iliyokuwa inacheza ikagoma kuvuka, hapo ni jambo jingine. Lakini sikia na upande wa pili: wapo wanaoanguka kifafa bila kuvimba hata kidogo. "Sijavimba" si kipimo cha presha.

Najisikia mzima kabisa. Kwa nini nipimwe kila nikienda?

Kwa sababu presha haipigi hodi. 150/100 inaweza kukaa kwa mtu anayecheka na kupika pilau. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka mahudhurio nane, la kwanza kabla ya wiki 12. Anayeanza kliniki mwezi wa sita "ili tumbo lionekane" anatunyima kujua presha yake ilikuwaje kabla mimba haijaibadilisha.

Na ipimwe vizuri. Kojoa kwanza. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, pumzika dakika tano, nyayo sakafuni, usipandishe mguu juu ya mguu, mkono ulale juu ya meza usawa wa moyo, na usiongee. Mkanda uliobana mkono mnene hutoa namba kubwa ya uongo, kwa hiyo omba mkanda mpana. Mkojo uwe wa katikati: mwaga wa mwanzo, kinga unaofuata, maana uchafu wa ukeni hukifanya kijiti cha kupimia mkojo kionyeshe protini isiyokuwepo.

Ukikuta 140/90, unahitaji kuonwa na mtaalamu siku hiyo. Ikifika 160/110, hiyo ni dharura, hata kama hakuna kinachouma. Na ukikuta 136/88 huku kichwa kinauma na macho yana ukungu, usirudi nyumbani na kusema "nimeambiwa ni ndogo".

Majirani wanasema ni majini, tuanze kwa mganga au kwenye maombi.

Maombi hayakatazwi, yafanyike mkiwa kwenye gari mnaelekea hospitali. Ugonjwa huu unaonekana kwenye mashine ya presha na kwenye mkojo, na una dawa inayojulikana. Kila saa inayopita uani kwa mganga, presha inaendelea kupanda. Mama anaweza kupasuka mshipa kichwani, kondo linaweza kuachia ukutani, mtoto akakosa hewa. Tunasema kwa heshima zote kwa wazee: kwanza hospitali, mengine baadaye.

Akianguka nyumbani tufanye nini?

Macho yatakodoa, taya litabana, mwili utakakamaa kisha utatupatupa. Kwa kawaida hudumu dakika moja au kupita kidogo, halafu anakoroma. Mlaze ubavu wa kushoto. Ondoa meza, jiko, ndoo ya maji ya moto. Legeza kanga na nguo zilizobana.

Msimtie kijiko mdomoni. Msimtie kidole, kitambaa wala sukari. Msimmwagie maji, msimnusishe petroli, msimkamulie limao. Kijiko huvunja meno, na chochote cha maji huishia kwenye mapafu. Ulimi haumezwi.

Kisha aende hospitali, hata kama ameamka na kusema yuko sawa. Kifafa kimoja hufuatiwa na kingine. Piga 115, namba ya bure ya usafiri wa dharura wa mama na mtoto wa m-mama. Asipandishwe bodaboda; akishikwa njiani mtampoteza barabarani. Bajaji ni afadhali, akiwa amelazwa ubavu na mtu amemshika. Chukueni kadi ya kliniki.

Tunaogopa ile sindano ya magnesiamu. Watu wanasema ndiyo inayoua.

Inayoua ni kufika umechelewa, na sindano inaonekana mbaya kwa sababu ndiyo ya mwisho kuchomwa. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2002, wenye wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa magnesiamu salfeti hupunguza kwa nusu hatari ya kifafa kwa mama mwenye presha ya mimba. Dozi ya kuanzia ni gramu 4 kwenye mshipa, taratibu kwa dakika 5 hadi 20, na gramu 5 kwenye kila tako. Baadaye gramu 5 kila saa nne, mpaka saa 24 zipite tangu kujifungua au tangu kifafa cha mwisho, kipi kimetokea baadaye. Utasikia joto kali mwilini na tako litauma; ni kawaida.

Ikizidi mwilini ni kweli ina madhara. Ndiyo maana kabla ya kila dozi muuguzi anahesabu pumzi (zisipungue 16 kwa dakika), anagonga goti kuona kama mguu unaruka, na anapima mkojo (usipungue mililita 30 kwa saa). Ndugu, mpira wa mkojo mnaoulalamikia ni wa kazi hiyo. Dawa ya kuipoza, kalsiamu glukoneti, inatakiwa kuwa karibu na kitanda.

Daktari anataka kumzalisha mke wangu, mimba ina miezi minane. Si wanasema wa saba huishi na wa nane hufa?

Si kweli, na imani hii inazika watu. Kila wiki anayoongeza tumboni akiwa salama inampa mtoto nguvu zaidi, kwa hiyo wa nane ana nafasi kubwa kuliko wa saba. Ila tumbo lenye presha kali si salama tena. Ugonjwa ukiwa mdogo, husubiriwa hadi wiki 37 kwa uangalizi. Ukiwa mkali na wiki 34 zimefika, azae. Chini ya hapo madaktari hujaribu kusubiri akiwa wodini, na humchoma deksamethasoni kukomaza mapafu ya mtoto. Kuanzishiwa uchungu si lazima kuishie kwa upasuaji. Kinacholeta upasuaji wa haraka, mara nyingi, ni ninyi kurudi nyumbani "kujadiliana na familia" siku mbili.

Kuna kinga?

Ipo kwa wenye hatari kubwa: aliyewahi kupata ugonjwa huu, mwenye presha ya zamani, kisukari au ugonjwa wa figo, na mwenye mapacha. Aspirini ndogo, miligramu 75 kwa siku, ikianza kabla ya wiki 20, ikiwezekana wiki ya 12, hupunguza hatari. Uandikiwe na daktari. Usiianze mwenyewe, na usiianze mwezi wa nane ukidhani utafidia.

Kalsiamu nayo inasaidia pale ambapo chakula hakina ya kutosha. Mwongozo ulikuwa gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, vidonge vitatu au zaidi, na akina mama wanavichoka. Utafiti uliofanyika hapa Dar es Salaam na Bangalore, India, ukatangazwa mwaka 2024, ulifuatilia wanawake 11,000 wa mimba ya kwanza katika kila nchi. Miligramu 500 hazikuwa duni kuliko 1,500 katika kukinga presha ya mimba. Kidonge kimoja kinamezeka. Usikimeze pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Vitenganishe kwa saa kadhaa. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao na maziwa vinaongeza.

Kuacha chumvi kabisa hakuzuii kifafa cha mimba. Na dawa za presha za baba au bibi, kama kaptopri na losartani, zisiguswe: zinaharibu figo za mtoto.

Nimeshajifungua. Hatari imeisha?

Haijaisha. Vifafa vingi vya baada ya kuzaa hutokea ndani ya saa 48, na vingine hutokea hata wiki kadhaa baadaye. Huku nyumbani mzazi amefungwa tumbo, anakandwa na maji ya moto, ananyweshwa uji wa pilipili manga, na akisema kichwa kinauma anaambiwa ni hewa, au ni kukosa usingizi kwa ajili ya mtoto. Arobaini haimkatazi mama kwenda hospitali. Siku ya tano, siku ya kumi, kichwa kikiuma au macho yakiona ukungu, mfungeni mtoto kwenye kanga mwende wote, presha ipimwe siku hiyohiyo, na mwambie mpokeaji kwamba amejifungua siku ngapi zilizopita, maana akishavaa gauni la kawaida hakuna atakayejua kwa kumwangalia.