Wauguzi 14 wanatosha, 384 yenu kaeni nayo

"Mbona wauguzi 14 tu?" Swali hili halikosi. Utafiti wa kimaelezo (wa mahojiano, si wa takwimu) kuhusu wauguzi kuacha kazi ukifika mezani hapa Mwanza, lazima atokee mmoja wa kuitafuta 384, yaani idadi ya watu wa kuhojiwa. Namba hiyo inatoka kwenye fomula ya kukadiria asilimia: uhakika wa 95%, kosa la 5%, uwiano wa 50%. Inajibu "wangapi". Anayeuliza inakuwaje mpaka muuguzi aandike barua ya kuacha kazi hana asilimia ya kukadiria.

Wajanja kidogo hukimbilia 12, kwa sababu mtafiti Guest na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba mada nyingi zilishajitokeza ndani ya mahojiano 12 ya mwanzo kati ya 60. Sawa, lakini wao walihoji kundi la watu wanaofanana, kwa maswali yaleyale. Changanya wauguzi wa hospitali ya rufaa, zahanati ya kisiwa cha Ukara na kliniki binafsi uone kama 12 itakufikisha popote.

Uliza kwanza: hao 14 ni nani? Kuna aliyeacha uuguzi kabisa, kuna aliyehama kituo, na kuna anayewaza tu kuondoka. Karatasi nyingi huhoji hao wa mwisho kwa kuwa ndio wanaopatikana zamuni, kisha kichwa cha habari kinasema "sababu za kuacha". Muuguzi aliyehama kutoka Ukara kumfuata mume Nyamagana bado ni muuguzi. Pengo liko kisiwani. Halafu tazama nani alihoji, na wapi. Kama ni matroni, kwenye chumba cha wauguzi, utasikia habari za mshahara tupu. Mshahara hauna masikio, inchaji (msimamizi wa wodi) anayo.

Kinachonikera hasa ni tafsiri. Msailiwa anasema "nimechoka", mwingine "nimechoshwa", na kwenye karatasi ya Kiingereza wote wamekuwa na uchovu uleule. Jamani! Aliyechoshwa ana mtu au kitu kilichomchosha, na pengine hicho ndicho kitakachomwondoa. Vivyo hivyo "mazingira magumu": hilo ni funiko la sufuria. Mtafiti mzembe analibandika msimbo (lebo ya kupanga majibu) "mazingira ya kazi" na kusonga mbele. Aliye makini anauliza: "Magumu vipi? Nieleze zamu yako ya mwisho ya usiku." Hapo ndipo inatoka picha: muuguzi mmoja wodi ya wazazi, wajawazito wawili wanasukuma kwa pamoja, glovu zimeisha, ndugu anagonga mlango. Kwa hiyo dai nukuu za Kiswahili kwenye kiambatisho. Zisipokuwepo, punguza imani.

Na nikiri, "data zilifikia ukomo", yaani mahojiano hayakuleta jipya tena, huwa naisoma kwa mashaka. Mahojiano ya 15 hayakufanyika. Nani anajua yangeleta nini? Wachambuzi wawili kukubaliana kwenye misimbo nako hakunitulizi, maana huenda walifundishwa darasa moja. Hata aliyekwisha kuondoka huwa ameshainyoosha hadithi yake, na dawa ya hilo sijaipata.

Orodha ya COREQ ya 2007, ya kukagua ripoti za tafiti za mahojiano, yenye vipengele 32, inakagua namna ya kuripoti tu. Kazi mbovu inaweza kuvijaza vyote. Mimi nahesabu nukuu. Zikiwa 12, na 9 ni za wasailiwa wawili tu, M3 na M7, nataka kujua wale wauguzi wengine 12 walisema nini.