Kulinganisha uwekezaji binafsi wa Kenya na Tanzania: soma maelezo yaliyo chini ya jedwali

Kila Juni, bajeti zikishasomwa Dodoma na Nairobi, malalamiko huja yale yale: takwimu za uwekezaji zimepikwa, kwa kuwa jedwali moja limeiweka sekta binafsi ya Tanzania mbele na jingine limeiweka ya Kenya. Mara nyingi majedwali yote mawili ni sahihi, ila yamepima vitu viwili.

Kimoja ni ukuzaji rasilimali, yaani majengo, mitambo na magari ya kazi yaliyoongezeka mwaka huo. Cha pili ni uwekezaji wa moja kwa moja kutoka nje, unaoandikwa kwenye urari wa malipo, yaani hesabu ya miamala ya nchi na mataifa mengine. Mwaka 2017 Vodacom ya Afrika Kusini ilichukua asilimia 35 ya hisa za Safaricom kutoka Vodafone. Umiliki ulihama, lakini muamala huo haukusimika mnara hata mmoja. Mtaji ulioandikwa kwenye maombi ya cheti cha uwekezaji nao ni kusudio tu. Tumeshaeleza mara nyingi: kujumlisha thamani ya miradi iliyosajiliwa si kupima uwekezaji.

Neno "binafsi" ndilo linaloponza wengi. Baadhi ya majedwali hupata sekta binafsi kwa kutoa matumizi ya maendeleo ya serikali kwenye jumla ya ukuzaji rasilimali. Kinachobaki kinaitwa binafsi. Mradi wa shirika la umma usipoondolewa, unabaki humo humo. Fikiria reli ya kisasa (SGR) ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa 2017, au ile ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria 2024. Zote ni mali ya umma. Zikiachwa ndani ya kilichobaki, mfululizo wa "binafsi" hupanda miaka ya ujenzi kisha huanguka, na watu huanza kutafuta wawekezaji waliokimbia. Kwa hiyo kabla ya kuchora mstari wowote, tafuta maelezo yanayosema mashirika ya umma yamewekwa upande gani, kwa nchi zote mbili.

Dola nayo hupotosha. Mwishoni mwa 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 123 za Kenya. Mwishoni mwa 2023 ilifika kama 156. Tuseme uwekezaji ulikuwa shilingi bilioni 1,000 miaka yote miwili. Kwa dola, bilioni 8.1 zimekuwa 6.4, pungufu ya asilimia 21, bila mashine moja kuzimwa. Tumia asilimia ya Pato la Taifa kwa bei za mwaka husika, kila nchi kwa shilingi yake. Ukitaka kujua kasi ya ukuaji, tumia bei za mwaka wa kizio, yaani mwaka mmoja ambao bei zake hutumika kupimia miaka yote.

Hapo pia pana mtego. Kenya ilihamia kizio cha 2009 Septemba 2014, na Pato lake likapanda kwa takriban robo. Mwaka 2021 ikahamia 2016. Tanzania ilihamia 2007 mwaka 2014, kisha 2015 mwaka 2019. Ukigawa uwekezaji wa mfululizo wa zamani kwa Pato la mfululizo mpya, uwiano utashuka na hakuna kiwanda kilichofungwa. Pakua mfululizo mzima uliorekebishwa, usiunganishe vipande vya vitabu vya miaka tofauti. Kumbuka pia kuwa Pato la Taifa la Tanzania linalotumika sana katika majedwali ya kimataifa ni la Tanzania Bara pekee. Ukitafuta uwekezaji kwa kila mtu, usigawe takwimu za Bara kwa idadi ya watu iliyojumuisha Zanzibar.

Kwa kampuni zinazopokea dodoso la uwekezaji: jazeni sehemu tatu, mtaji wa hisa, mikopo kutoka kampuni mama, na faida iliyobakizwa, yaani isiyogawiwa wenye hisa. Ya tatu huachwa wazi kila mwaka kwa hoja kwamba "hakuna fedha iliyoingia". Sehemu ya mwekezaji wa nje katika faida hiyo inahesabiwa kuwa uwekezaji kutoka nje. Iwapo ni hasara, andikeni hasara. Nafasi tupu si sifuri. Kukataa kutoa taarifa au kutoa za uongo kwa makusudi ni kosa chini ya Sheria ya Takwimu, na adhabu yake ni faini, kifungo au vyote viwili. Sheria hiyo hiyo inakataza kuchapisha taarifa kwa namna itakayoitambulisha kampuni yenu.