Faili la picha haliunganishwi: kutunza matoleo ya kazi isiyo ya maandishi

Waandishi wa programu wana nafuu moja kubwa tusiyo nayo sisi wa picha, sauti na video. Wawili wakihariri faili moja, huyu mstari wa 10 na yule mstari wa 200, Git, programu ya kutunza matoleo ya mafaili, hulinganisha kazi zao na toleo walikoanzia wote, kisha huziunganisha. Sasa fanya hivyo kwa faili la PSD, yaani la Photoshop. Mmoja amerekebisha rangi ya ngozi, mwenzake amesogeza maandishi kwenye leya (tabaka la picha) nyingine kabisa. Mabadiliko yao hayagusani popote, lakini Git haioni leya. Inaona baiti zilizotofautiana, na itakutaka uchague faili moja uliache jingine.

Nasaidia vikundi vya wabunifu kupanga kazi zao, na karibu wote huanza kwa kuniuliza habari za nafasi ya diski. Ni swali la haki. Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya Linux, hupunguza ukubwa wa historia kwa kutafuta yanayofanana kati ya matoleo na kuhifadhi tofauti tu. Kwa maandishi inafanikiwa sana. Kwa JPEG au MP4, ambazo zimekwisha kubanwa, ukigusa kidogo na kuhifadhi upya, baiti nyingi hubadilika, na hiyo tofauti hukaribia kuwa faili zima. Faili la megabaiti 300 likihifadhiwa mara 20 linaelekea gigabaiti 6, na kila anayechukua nakala ya hazina hiyo, yaani mradi pamoja na historia yake, hubeba zote. GitHub, tovuti ambako wengi huweka hazina zao za Git, hukataa faili linalozidi megabaiti 100.

Dawa yake ipo tangu 2015, nayo ni Git LFS, nyongeza ya Git kwa ajili ya mafaili makubwa. Historia hubaki na kielekezi kidogo cha maandishi chenye heshi ya faili (alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo) na ukubwa wake, na faili lenyewe hukaa kwenye seva; unaletewa toleo unalolifanyia kazi tu. Iwashe kabla hujaingiza faili la kwanza. Ukichelewa, yaliyokwisha ingia hayatoki mpaka uandike upya historia nzima, na wenzako wote wachukue hazina upya.

Nafasi, basi, ina ufumbuzi. Kinachopoteza kazi za watu ni kule kutounganika, na hapo ndipo ninapotaka kikundi kitumie muda wake mwingi.

Faili lisiloweza kuunganishwa linahitaji kufuli, ili mtu mmoja tu alihariri kwa wakati mmoja. Kati ya mifumo mingine ya kutunza matoleo, Subversion inalo tangu toleo la 1.2 la mwaka 2005, Perforce inalo, na hiyo ni sababu mojawapo studio nyingi za michezo ya kompyuta zinaipenda. Git LFS nayo inalo. Zote tatu zinaweza kupangwa ili faili likae kwenye diski yako kama la kusoma tu, mpaka ulifunge kwa jina lako. Usiache mpangilio huo. Kizuizi lazima kimkute mtu kabla hajaanza kuchora. Akikutana nacho jioni, wakati wa kupakia kazi ya kutwa nzima, hakijamsaidia chochote. Mkubaliane pia mapema ni nani anaruhusiwa kuvunja kufuli la aliyekwenda likizo.

Kufuli lina faida ya pili ambayo wengi hawaitazamii: linakuonyesha kazi imegawanywa vibaya wapi. Faili ambalo watu wanapanga foleni kulisubiri ndilo la kuvunjwa vipande. Blender, ya michoro ya 3D, inaruhusu kuleta mhusika kwa kiungo kutoka faili jingine, InDesign, ya kupanga kurasa, huweka picha kwa kiungo, na video ndefu inaweza kugawanywa kwa matukio. Baada ya hapo mchoraji na mpanga kurasa hufanya kazi saa ileile, kila mmoja na faili lake.

Baadhi ya mafaili, kwa kweli, ni maandishi yaliyojificha. SVG, aina ya faili la michoro, ni XML, yaani maandishi yenye vitambulisho. Faili la mradi la Ableton Live (ya muziki) na lile la Premiere Pro (ya video) ni XML iliyobanwa kwa gzip. Ukilifungua unaweza kusoma kilichobadilika. Mimi hulisoma tu, silipeleki kuunganishwa. Ndani yake kuna namba zinazoelekezana, na mistari inaweza kuungana vizuri ilhali mradi unakataa kufunguka.

Kwa kuwa kompyuta haiwezi kukusimulia kilichobadilika kwenye picha, maelezo ya kila toleo hubeba mzigo wote. "Marekebisho" haimwambii mtu kitu. "Nimepunguza mwanga wa dirisha, uso ulikuwa unamezwa" inamwambia. Weka na picha ndogo ya JPEG pembeni, ili mtu aone toleo la zamani bila kufungua programu nzito.

Rekodi ghafi ziondoe kabisa kwenye mfumo wa matoleo. WAV ya stereo ya kilohezi 48 na biti 24 hula takriban megabaiti 17 kwa dakika, nayo haibadiliki kamwe. Inahitaji nakala rudufu mahali pawili, basi. Mafaili unayoyatoa kwa majaribio yafutwe, maana yanaweza kutolewa tena kutoka kwenye chanzo. Lakini lililokwenda kwa mteja lihifadhi kama lilivyo, pamoja na jina la toleo lililolizaa: programu ikisasishwa au fonti ikibadilishwa, chanzo kilekile kinaweza kutoa faili tofauti na lile aliloliidhinisha.