Mandhari ya mji si ramani

Michoro ya miji ya Italia iliyomo katika vitabu vya karne ya 15 na ya 16 imezoeleka kuitwa "ramani za kale", na baada ya jina hilo watu huanza kuhesabu mitaa na kubishana kuhusu idadi ya nyumba. Kosa hilohilo huipata picha ya Kilwa iliyochapishwa Cologne mwaka 1572. Mandhari ya mji huuonyesha mji kwa mshazari, kana kwamba mtazamaji yuko mlimani, ilhali ramani huutazama wima kutoka juu na kufuata vipimo.

Si kwamba watu wa zama hizo hawakuweza kuchora ramani. Mwaka 1502 Leonardo da Vinci alimchorea Cesare Borgia, aliyekuwa akiiteka miji ya eneo la Romagna kaskazini mwa Italia, ramani ya mji wa Imola inayoonyesha mitaa na viwanja kwa vipimo, bila mnara hata mmoja uliosimama. Aliyegharimia mandhari alitaka kitu kingine.

Nakala ya Jiografia, kitabu cha ramani cha mwanazuoni wa kale Ptolemy, iliyoandikwa kwa mkono mwaka 1472 kwa ajili ya Federico da Montefeltro, mtawala wa Urbino, ina michoro ya miji iliyotengenezwa na Piero del Massaio. Firenze imezungushiwa ukuta, mto Arno unaikata, makanisa na majumba ya wakubwa yamesimama wazi, lakini nyumba za watu wa kawaida karibu zote hazimo. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba pamoja na Roma, Venezia, Konstantinopoli, Yerusalemu na Kairo umewekwa mji mdogo wa Volterra. Mwaka uleule wa 1472 Federico aliongoza jeshi la Firenze lililoiteka Volterra na kuipora, na sioni sababu nyingine ya mji huo kupewa heshima ya kukaa na Kairo.

Vitabu vya kuchapwa vilikuwa na wafadhili wa aina nyingine. Historia ya dunia ya Hartmann Schedel, iliyotoka Nuremberg mwaka 1493 kwa fedha za Sebald Schreyer na Sebastian Kammermeister, ilitumia ubao mmoja wa kuchongwa, wa kuchapia picha, kuonyesha Milano, Mantova, Ferrara na hata Dameski. Wapo wanaouita huo utapeli, nami naona wanauonea, maana picha ile ilimwambia msomaji kwamba hapa pametajwa mji wenye kuta na minara, na kwa ubao uliorudiwa hivyo haikuweza kumwambia zaidi.

Anayeiita Firenze ya Massaio ramani ana udhuru, kwa kuwa imo ndani ya kitabu cha ramani. Ila ingefaa aiite mandhari, na kabla ya kuhesabu nyumba aulize kwanza kitabu kilitengenezewa nani.