Mtoto wa Jicho na Konea Iliyopinda: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Upasuaji

Nina mtoto wa jicho na nimeambiwa nina astigmatizimu pia. Si ugonjwa mmoja?

Hapana. Mtoto wa jicho ni ukungu ulioingia kwenye lenzi, ndani ya jicho. Astigmatizimu ya konea ni suala la umbo: kioo cha mbele cha jicho hakikuviringana sawasawa kama mpira, kimepinda zaidi upande mmoja, mithili ya yai. Mwanga basi hautui mahali pamoja. Ukiwekewa lenzi bandia ya kawaida, ukungu utaondoka lakini kupinda kutabaki. Wapo wanaotoka kwenye upasuaji uliokwenda vizuri kabisa, kisha wanahuzunika kuona herufi bado zina kivuli. Hili linaniuma, kwa sababu mara nyingi lingeweza kushughulikiwa siku ileile.

Nasikia upasuaji huu hufanywa pia kwa leza. Inasaidiaje?

Leza ya femtosekunde hukata kwa mapigo mafupi mno. Hufungua mfuko wa lenzi, huigawa lenzi vipande, na inaweza kuchora mikato ya upinde pembezoni mwa konea, pale ilipopinda zaidi. Mikato hiyo hulegeza upande uliokaza. Hufaa astigmatizimu ndogo, ya kama dayopta 1 hivi (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi, kama kile cha miwani).

Na ikiwa kubwa?

Hapo lenzi bandia ya aina ya toriki ndiyo hutegemewa. Hii ina nguvu tofauti kwa pande tofauti, kwa hiyo lazima ikae kwenye mhimili wake. Ikikosea kwa digrii 1 tu, hupoteza takriban asilimia 3 ya kazi yake. Ikikosea kwa 30, faida yote imekwisha. Na jicho lenyewe huzunguka kidogo mtu anapolala chali! Ndiyo maana daktari hukuwekea alama ukiwa umeketi, au mashine hulitambua jicho kwa picha iliyopigwa mapema.

Je, nisubiri mpaka nipate leza?

Mimi nisingekushauri hivyo. Majaribio makubwa ya Uingereza na Ufaransa, yaliyochapishwa mwaka 2020, hayakuonyesha kwamba leza huleta uoni bora kuliko upasuaji wa kawaida, unaovunja lenzi kwa mawimbi ya sauti. Lenzi ya toriki huwekwa kwa njia zote mbili.

Nijiandae vipi?

Hangaikia vipimo. Kama unavaa lenzi za kubandika machoni, uliza uache kuzivaa siku ngapi kabla ya kupimwa, maana hubadilisha umbo la konea. Macho makavu yatibiwe kwanza, hupotosha vipimo. Mweleze daktari ukiwa na kovu kwenye konea au uliwahi kufanyiwa upasuaji wa kuacha miwani, kwani konea yenye umbo lisilo na mpangilio huenda isinyooshwe kwa njia hizi.

Lenzi ikizunguka baada ya upasuaji?

Huweza kurudishwa mahali pake, na ni rahisi zaidi katika wiki za mwanzo. Ukiona uoni umebadilika, rudi mapema. Maumivu makali, wekundu unaozidi au uoni kufifia ghafla havisubiri kesho.